Toka Kiboko Mpaka Kifungu cha 130

Sisi wa kando ya ziwa tunamjua kiboko kwa sura mbili. Yupo yule anayelala majini mchana na kupanda nchi kavu usiku kula mahindi ya watu, na kipo kile kinacholala juu ya kabati ofisini kwa mwalimu mkuu. Majina hayakufanana kwa bahati. Mjeledi wa zamani ulikatwa kwenye ngozi ya mnyama huyo huyo, ukakaushwa mpaka ukawa mgumu kama mti, na Wajerumani walipoitawala nchi hii waliufanya kuwa chombo cha serikali. Leo kiboko cha shule ni fimbo ya mpera tu, lakini jina limebaki, na pamoja na jina limebaki wazo kwamba mkubwa akimchapa mdogo hiyo ni kazi halali na haina mjadala.

Ndugu msomaji, nimeandika makala haya kwa sababu nimechoka kusikia watu hapa Sengerema wakisema kwamba "mambo ya haki za watoto" yameletwa juzi na wafadhili. Si kweli. Sheria za kumlinda mtoto shuleni zina historia yake, tena ndefu, na sehemu ya historia hiyo imetokea hapa hapa mkoani Mwanza. Tatizo ni kwamba hakuna anayetusimulia. Shuleni tumefundishwa Vita vya Maji Maji na Azimio la Arusha, lakini hakuna aliyetufundisha historia ya fimbo iliyokuwa juu ya meza wakati tunafundishwa.

Tuanze na Mjerumani basi. Mwaka 1896 serikali ya Ujerumani ilitoa amri kuhusu adhabu katika koloni hili. Amri hiyo iliweka ukomo wa viboko 25 kwa mkupuo mmoja, ikawaondoa wanawake, na ikataka kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Wazee wakaiita "hamsa ishirini", na jina hilo likaingia kwenye hadithi zao. Angalia mantiki yake: amri haikukataza kupiga, ilihesabu tu. Ukishahesabu na kuandika kitabuni, kipigo kinageuka kuwa utawala. Naomba ukumbuke kitabu hicho, maana tutakutana nacho tena zaidi ya miaka mia moja baadaye.

Waingereza walipokuja nao wakatunga sheria yao ya adhabu ya viboko, mwaka 1930. Tukapata uhuru. Ungetegemea nchi inayoongozwa na mtu aliyekuwa mwalimu wa shule, aliyefundisha Tabora na Pugu, ingekuwa ya kwanza kuitupa fimbo ziwani. Wapi! Mwaka 1963 Bunge likapitisha Sheria ya Adhabu za Chini, na mtu aliyepatikana na makosa kama wizi wa mali ya umma alichapwa viboko 24, kumi na viwili akiingia gerezani na kumi na viwili akitoka. Watu waliongezea utani kwamba vile vya kutokea ni vya kwenda kumwonyesha mkeo. Sheria ile ilibadilishwa mwaka 1972, lakini utani wake bado unachekesha vijiweni. Hapo ndipo ninapoona shida. Taifa likicheka kuhusu kipigo cha mtu mzima, mtoto atamlilia nani?

Sasa tuingie shuleni. Mwaka 1967 ilikuja Elimu ya Kujitegemea, Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma lililotaka kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1978 ikatungwa Sheria ya Elimu Na. 25. Sheria hii ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto shule na kuhakikisha anahudhuria, na mzazi akikaidi anashtakiwa. Mimi siisemi vibaya hatua hiyo. Bila UPE bibi zetu na mama zetu wengi hapa Sengerema wasingejua kusoma hata barua. Lakini fikiria jambo hili kisheria kidogo: serikali inapomwambia mama "mlete mtoto wako hapa saa moja asubuhi, usipomleta tutakukamata", imebeba dhamana gani juu ya yanayompata mtoto huyo kati ya saa moja na saa tisa? Mwaka 1978 swali hilo halikuulizwa. Ilichukua miaka 20 kulijibu, na jibu lenyewe lilikuja nusunusu.

Wakati huo madarasa yalijaa kupita kiasi, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya muda mfupi wakapelekwa kufundisha. Wengine walikuwa na umri unaokaribiana na wa madenti wao. Mshahara ulikuwa mdogo, na miaka ya themanini ulipoporomoka zaidi, mwalimu wa kijijini akawa na mali moja tu isiyopungua thamani: watoto. Watoto walichota maji ya mwalimu, walilima shamba la mwalimu, walipeleka kuni nyumbani kwa mwalimu. Elimu ya Kujitegemea, iliyotungwa ili shule ijilishe, ikawa kisingizio cha kumlisha ticha. Na mlango wa nyumba ya mwalimu ndio mahali ambapo sheria ilikuwa haijafika.

Mimi nilisoma msingi kijijini, katika shule ambayo sitaitaja. Zamu ya maji ilikuwa ya wasichana kila siku, na ya wavulana siku ya Ijumaa. Tulijua nyumba ipi mtu anaweza kupeleka ndoo akarudi mara moja, na ipi msichana alitakiwa aende na mwenzake. Wasichana wa darasa la saba waliwaambia wale wa darasa la tano, na wale wakawaambia wa darasa la nne. Ilikuwa kanuni kamili, ina mipaka yake na tahadhari zake, ila haikuandikwa na Bunge lolote. Waliitunga wasichana wa miaka kumi na mitatu. Walimu wakubwa pale waliijua? Nadhani waliijua, maana walipokuwa na mabinti zao shuleni hapo, mabinti hao hawakupangiwa zamu.

Kuhusu fimbo, serikali ilikuwa na kanuni tangu mwaka 1979, na mwaka 2002 ikatoa nyingine, Tangazo la Serikali Na. 294. Hizi za mwaka 2002 ukizisoma utashangaa zilivyo na adabu. Idadi ya viboko ilipunguzwa kutoka sita hadi vinne kwa kosa moja. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, au na mkuu wa shule mwenyewe. Adhabu iwe kwa makosa mazito, ilingane na umri na afya ya mtoto, na kila inapotolewa iandikwe kwenye kitabu. Umekikumbuka kile kitabu cha Mjerumani? Ndicho hicho, kimerudi na jalada jipya.

Sasa wewe msomaji uliyesoma shule ya serikali, jiulize: ulichapwa mara ngapi bila mtu yeyote kufungua kitabu? Kuchelewa namba ni viboko, kufeli hesabu ni viboko, kuongea Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni viboko. Kila mwalimu alikuwa na fimbo yake na zingine zilikuwa na majina. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa mwaka 2009 na matokeo yake kutangazwa mwaka 2011, ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya vijana wa miaka 13 hadi 24 waliwahi kupigwa na mwalimu kwa namna ambayo watafiti waliihesabu kuwa ni ukatili. Utafiti huo huo ulisema karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18, na mvulana mmoja katika kila saba. Wavulana hao huwa tunawasahau, na nakiri hata mashairi yetu huwasahau.

Twende Dar es Salaam kidogo, maana hapo ndipo sheria kubwa ilipoanzia, na ilianza kwa jambo linalotuhusu sisi tunaojiita waandishi. Chuo Kikuu cha Mlimani kulikuwa na kitu kikiitwa Mzee Punch. Yalikuwa maandishi na michoro iliyobandikwa ukutani usiku, bila jina la mwandishi. Kwa miaka mingi watu waliisifu kama fasihi ya vijana: ina kejeli, ina ujasiri, inawasema wakubwa. Lakini kejeli ile iligeuka ikawa silaha ya wanafunzi wa kiume dhidi ya wanafunzi wa kike. Msichana aliyemkataa mtu fulani alichorwa ukutani. Februari 1990 mwanafunzi Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kusumbuliwa. Punch ikapigwa marufuku, baada ya msiba.

Waliomfanyia vile hawakuwa walimu, walikuwa wanafunzi wenzake. Hata hivyo kesi hii ndiyo iliyowafanya watu waulize chuo kilikuwa wapi, walezi walikuwa wapi, na kwa nini msichana aliyelalamika hakuwa na pa kwenda. Mimi huwa naifikiria kila nikisikia mshairi kijana akisema kalamu haina mipaka. Ile kalamu ya ukutani ilikuwa kali, nyepesi, yenye vichekesho, na wasomaji wake walikuwa wengi kuliko tutakaowahi kuwapata sisi.

Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililishika suala hilo na hakikuliachia. Wakaandika, wakatangaza, wakapokea wanawake na watoto waliopigwa na waliobakwa, wakaungana na wanasheria wanawake na vyama vingine. Tanzania ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991, kwa hiyo serikali ilikuwa na ahadi ya kudaiwa. Mwaka 1998 Bunge likapitisha Sheria Na. 4, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ambayo wengi wanaijua kwa jina la SOSPA.

Naomba nikae hapa kidogo, maana watu wengi wanaijua SOSPA kwa "miaka thelathini" tu. Sheria hii iliandika upya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria ya zamani, urithi wa Mwingereza, ilikuwa na kosa maalumu la kumwingilia msichana wa chini ya miaka 14. Aliyevuka hapo alibaki kubishana mahakamani kama alikubali au hakukubali. SOSPA ikapandisha ukuta mpaka miaka 18: chini ya hapo neno "alikubali" halina maana. Kifungo kikawa si chini ya miaka 30, na kwa aliyembaka mtoto wa chini ya miaka kumi, maisha. Pia ikamtaja kwa namna ya pekee mtu mwenye mamlaka anayetumia nafasi yake: ofisa, mfanyakazi wa mahabusu ya watoto, wa hospitali, mganga wa kienyeji, kiongozi wa dini. Mwalimu anaingia mlango huo huo wa mamlaka.

Halafu kuna tundu lililoachwa makusudi. Ukuta ule wa miaka 18 haukumhusu mke mwenye miaka 15 au zaidi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Kwa hiyo msichana wa kidato cha pili alilindwa mpaka siku baba alipopokea mahari. Tundu hili lilikuja kushambuliwa na mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, aliyekwenda Mahakama Kuu na kushinda Julai 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha vifungu vile. Mwaka ule ulipita, vifungu vikabaki vilevile.

Na kichekesho kingine, kama unaweza kucheka: SOSPA ilimwongezea mbakaji viboko juu ya kifungo. Kijana wa miaka 18 au chini akiwa ni kosa lake la kwanza, basi viboko peke yake. Hata tulipotunga sheria ya kumkomesha anayeumiza watoto, mkono ulirudi kwenye ile ngozi ya mnyama.

Kubwa zaidi kwangu lilikuwa badiliko katika Sheria ya Ushahidi. Zamani ushahidi wa mtoto mdogo ulihitaji kuungwa mkono na ushahidi mwingine. Sasa niambie, ni mtu gani anayefanya ufedhuli huo mbele ya shahidi wa pili? SOSPA ikasema mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba mtoto anasema kweli na ikitoa sababu za kuridhika huko. Kwa mara ya kwanza neno la mtoto wa darasa la nne liliweza kusimama mbele ya neno la mwalimu wake bila kushikiliwa na mtu mzima.

Kulisimamisha kivitendo ikawa kazi nyingine. Kwa miaka mingi hakimu alitakiwa kwanza kumhoji mtoto aone kama anajua maana ya kiapo na kama ana akili ya kutosha, na kosa dogo hapo liliiua kesi nzima kwenye rufaa. Mwaka 2016 Bunge likarahisisha: mtoto aahidi tu kusema ukweli na si uongo. Basi rufaa zikageukia ahadi hiyo. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya mwaka 2018 iliyosikilizwa Bukoba, ilisema ahadi isipoandikwa kwenye mwenendo wa kesi ushahidi wa mtoto hauna thamani, na watu kadhaa waliofungwa wakatoka kwa sababu hakimu hakuandika sentensi moja. Baadaye Mahakama ililegeza kidogo. Lakini hebu mfikirie mtoto aliyesimama kizimbani mbele ya watu wazima wote wale, akasema yote, kisha anakutana na mtu yule yule sokoni kwa sababu ya sentensi ambayo si yeye aliyetakiwa kuiandika.

Turudi Mwanza sasa, tena turudi nyuma ya SOSPA kwa miaka miwili. Hapa mkoani kulikuwa na mradi wa Watanzania na Waholanzi wa kupambana na UKIMWI, TANESA. Watafiti wake walipokuwa wanauliza habari za UKIMWI kwa wasichana wa shule za msingi, walikuta kwamba baadhi ya watu wanaowasumbua wasichana hao ni wale wanaowafundisha. Mwaka 1996 ukaanza mpango wa walezi. Kila shule iliyoingia kwenye mpango, walimu walimchagua mwalimu mmoja wa kike awe mlezi wa wasichana, msichana akiwa na tatizo amwendee. Hakukuwa na sheria mpya wala jengo jipya. Tathmini iliyochapishwa mwaka 1998 ilionyesha kwamba wasichana wengi walikuwa tayari kumwambia mlezi wakisumbuliwa, na kwamba tabia ya walimu ilianza kusemwa waziwazi, jambo lililokuwa mwiko. Ilionyesha pia kwamba wengi, hata walezi wenyewe, walidhani kazi hasa ni kuwachunga wasichana wasifanye mapenzi. Yaani hata kwenye mpango mzuri namna hiyo, aliyechungwa alikuwa yule anayewindwa.

Nilikwenda kumwona mwalimu mmoja mstaafu aliyewahi kuwa mlezi miaka hiyo. Anakaa nje kidogo ya mji wa Sengerema, ana mbuzi na bustani ya mchicha.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Vuta kigoda ukae, jua kali."

Nikamuuliza walimchaguaje. Akacheka. "Walisema wewe una mabinti wanne nyumbani, umezoea kelele zao. Hawakujua hao wanne ndio walionifanya nisikubali upuuzi."

Nikamuuliza kama SOSPA ilipokuja ilimsaidia.

"Sheria ilikuwa Dodoma. Mimi nilikuwa na benchi chini ya mwembe. Mtoto anakuja, anakaa, hasemi. Kesho anakuja tena, hasemi. Siku ya tatu ndo anasema. Ukimharakisha umempoteza."

Akanisimulia habari ya mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya SOSPA. Msichana wa darasa la sita alikaa kwenye benchi lile siku tano. Alipotaja jina, lilikuwa la mwalimu mwenzake, mtu waliyekuwa wanakunywa naye chai ofisini. Mlezi akaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akamwita baba wa mtoto, baba akaja na baba mdogo, wakakaa. Jioni walikubaliana ng'ombe wawili. Mwezi uliofuata mwalimu yule alipata uhamisho, akavuka maji, akaenda kufundisha kwingine. Msichana alibaki na zamu yake ya maji.

"Ng'ombe wawili," alisema tena, akaonyesha vidole viwili. "Na kule alikohamia nako kuna darasa la sita."

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa historia hii. Si kwamba sheria haikuwepo. Ilikuwepo, na ilikuwa na miaka thelathini mdomoni. Lakini kati ya benchi chini ya mwembe na kituo cha polisi kulikuwa na watu wanne, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Mwalimu mkuu hakutaka shule yake itajwe. Baba alihitaji ng'ombe, na kesi humtaka mtu asafiri, apoteze siku za kazi, apeleke mtoto hospitali na fomu ya PF3, aje asimame mbele ya umati. Baba mdogo alisema aibu ya familia haiendi mahakamani. Wakubwa wa elimu walikuwa na uhaba wa walimu. Adhabu kubwa sana nayo ilichangia, ingawa wengi hawapendi nikisema hivyo: mtu akijua neno lake litamfunga jirani miaka 30, analimeza.

Sheria zilizofuata zilijaribu kuufunga mwanya huo. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 ilisema kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa. Ilikataza mateso na udhalilishaji, ingawa iliacha nafasi kwa "kumrudi" mtoto kwa kiasi, na fimbo ikapita hapo hapo. Mwaka 2015 ikatungwa sheria mpya ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanza kazi mwaka 2016, ambayo nidhamu ya walimu iko mikononi mwake. Na mwaka 2016 hiyo hiyo Sheria ya Elimu ikaongezewa kifungu: anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, miaka 30, anayesaidia naye ana adhabu yake.

Oktoba 2016 video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa Mbeya Day ilisambaa kwenye simu nchi nzima, watu wakaona kwa macho kile ambacho kanuni za 2002 zilidai hakipo. Agosti 2018, upande wa magharibi wa ziwa hili hili, mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa kwa kudhaniwa ameiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimhukumu mwalimu mmoja kunyongwa. Mkoba wenyewe ulikuja kuonekana.

Katikati ya hayo, Juni 2017 pale Chalinze, Rais Magufuli alitangaza kwamba msichana atakayepata mimba hatarudi shule katika utawala wake. Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 zilikuwa zinatumika hivyo tayari. Ukizisoma sheria hizo pamoja unaona kizungumkuti: mwaka mmoja tunasema aliyempa mimba ni mhalifu wa miaka 30, mwaka unaofuata tunasema mwathirika wake naye aondoke. Msichana mwenye akili akijua hivyo atamtaja nani? Atanyamaza, atafunga tumbo kwa kanga mpaka mtihani upite. Marufuku hayo yaliondolewa Novemba 2021.

Wakenya, tuwape haki yao, walilitazama suala la uhamisho usoni. Wao walifuta viboko shuleni mwaka 2001, na mwaka 2010 tume yao ya walimu ikatoa waraka wa kumlinda mwanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, unaomtaka anayejua atoe taarifa. Mei 2015 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi kule Nakuru walioharibiwa na mwalimu. Hakuishia kwa mwalimu. Alisema tume iliyomwajiri na serikali nazo zinawajibika, haiwezekani kumzungusha mtu wa namna hiyo kutoka shule hadi shule, na akaamuru wasichana walipwe fidia, mmoja shilingi milioni mbili na mwingine milioni tatu za Kenya. Nilipomsomea mwalimu mstaafu habari hiyo aliniuliza mara mbili kama kweli serikali ndiyo iliyoamriwa kulipa.

Hapa kwetu mambo yamesogea, nisikatae. Polisi wana dawati la jinsia na watoto. Walimu wanafungwa, kesi zao zinasikilizwa, magazeti yanaandika. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji, na mtu mwenye rufaa Mahakama Kuu Mwanza hasubiri tena kivuko pamoja na ndugu wa mshtakiwa kwenye foleni moja. Lakini tangu shule za kata zijengwe wasichana wengi wamepanga vyumba karibu na shule kwa sababu kwao ni mbali, na katika mageto yale hakuna mwembe wala benchi.

Mwalimu mstaafu alikuwa na daftari. Kaunta buku, kurasa zimekuwa za njano, ndani kuna tarehe na herufi ya kwanza tu ya jina la kila mtoto aliyekuja kukaa naye. Hakuna aliyemwagiza aliandike. Alipostaafu alitaka kumkabidhi mwalimu aliyemfuata, na mkuu wa shule wa wakati huo akamwambia halimo kwenye orodha ya vitabu vya ofisi: kuna kitabu cha mahudhurio, cha wageni, cha adhabu. Kwa hiyo analo yeye, ndani ya sanduku la nguo, na huwaomba wajukuu wasilichezee.